India: Kitabu cha Maadili na Gunia la Mwanafunzi



Mwezi Machi mwaka 2022 serikali ya jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, ilitangaza kwamba mafundisho ya Bhagavad Gita yangeingizwa katika masomo ya watoto wa shule kuanzia darasa la sita hadi la kumi na mbili. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwajenga wanafunzi kitabia na kuwafanya waone fahari ya mila na urithi wao. Baadhi ya wananchi wa India waliipokea habari hiyo kwa shangwe, wengine kwa wasiwasi. Kwa watu wa mwambao wa Afrika ya Mashariki, Gujarat si nchi ya mbali. Majahazi ya Kutch na Kathiawar yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi yalikuwa yakitia nanga Zanzibar, Mombasa na Lamu tangu zamani sana, na wengi wa Wahindi wanaoishi Afrika ya Mashariki ni wajukuu na vitukuu vya watu wa jimbo hilo. Kwa hiyo linalofanyika katika madarasa ya huko ni jambo la jirani, ingawa jirani huyo yuko ng'ambo ya bahari.

Swali lenyewe lina umri mkubwa kuliko tangazo hilo. Kwa zaidi ya karne moja viongozi wa elimu wa India, wa dini na wa serikali, wamekuwa wakitafuta njia ya kuchukua mafundisho ya Kihindu, yaani wajibu, ukweli, kuitawala nafsi, kutodhuru kiumbe, na heshima kwa wazazi na walimu, ili yawe tabia ya mtoto anapokuwa uwanjani, kisimani na barabarani. Vitabu vilivyoandikwa kwa kazi hiyo ni vingi, na baadhi yake ni vizuri. Lakini mtu akiifuata historia hiyo hatua kwa hatua, huona jambo moja likijirudia: mtoto husoma kwanza jinsi shule ilivyompanga yeye na mwenzake, nani aketi wapi, nani anywe maji vipi, nani ale pamoja na nani. Kitabu huja baadaye. Penye mapatano kati ya mpango wa shule na kitabu, somo lilishika. Mpango ulipokipinga kitabu, mtoto aliuamini mpango.

Kwa askari, Gita ina mvuto wa pekee, maana inaanza na askari anayeweka silaha chini. Arjuna, mpiga upinde hodari, amesimama juu ya gari lake la vita katika uwanja wa Kurukshetra, katikati ya majeshi mawili. Anapotazama upande wa adui anawaona binamu zake, babu yake, na mwalimu yule yule aliyemfunza kutumia upinde. Mikono inamlegea na upinde unamponyoka. Anayemjibu ni mwendeshaji wa gari lake, Krishna, ambaye kwa imani ya Wahindu ni Mungu aliyejidhihirisha kwa umbo la mtu. Mazungumzo yao, beti zipatazo 700 katika sura 18, ndiyo Gita yenyewe. Krishna anamweleza habari za roho isiyokufa, habari za wajibu ambao kila mtu hana budi kuutimiza, na habari za kutenda lililo haki bila ya kutamani malipo yake. Mwisho wa mazungumzo Arjuna yuko tayari kupigana.

Hapo ndipo ugumu wa mwalimu wa darasa unapoanza, kwa sababu wasomaji wakubwa wa kitabu hicho hawakupata kupatana juu ya maana yake. Bal Gangadhar Tilak, aliyefungwa na Waingereza huko Mandalay, Burma, kuanzia mwaka 1908 hadi 1914, aliandika gerezani kitabu kikubwa akieleza kwamba Gita ni wito wa kutenda, si wito wa kukimbilia mapangoni kutafakari. Mohandas Gandhi aliisoma kwa namna nyingine kabisa. Kwake uwanja wa Kurukshetra ulikuwa moyo wa binadamu, na majeshi mawili yalikuwa mema na mabaya yanayopigana ndani yake. Alipokuwa Johannesburg aliandika beti zake kwenye vipande vya karatasi, akavibandika ukutani, akawa anazihifadhi asubuhi alipokuwa akipiga mswaki. Kisha tarehe 30 Januari 1948 mzee huyo aliuawa kwa risasi mjini Delhi na Mhindu mwenzake, Nathuram Godse, na katika utetezi wake mahakamani muuaji huyo alimtaja Arjuna aliyelazimika kuwaua jamaa zake mwenyewe. Aliponyongwa mwezi Novemba 1949 inaelezwa kwamba alikuwa amechukua nakala ya Gita mkononi. Kitabu kilichokuwa ukutani kwa aliyeuawa kilikuwa pia mkononi mwa aliyeua.

Miongoni mwa watu wa mwanzo waliotaka kuyageuza mafundisho ya Kihindu yawe somo la kawaida la shule, lenye vitabu vya kiada na maswali ya mtihani, alikuwa mwanamke Mwingereza. Annie Besant, mzaliwa wa London, alifika India mwaka 1893, na mwaka 1898 yeye na wenzake wa Kihindi walifungua chuo cha Kihindu katika mji mtakatifu wa Benares, kikijulikana kwa jina la Central Hindu College. Hicho ndicho kilichokuja kuwa chimbuko la Chuo Kikuu cha Banaras kilichoanzishwa mwaka 1916. Shabaha yao ilieleweka. Vijana wa India walikuwa wakitoka katika shule za serikali ya kikoloni wakijua tarehe za wafalme wa Uingereza na kuionea aibu dini ya mama zao, na shule za wamisheni ziliwafundisha kwamba dini hiyo ni giza tupu. Mwanzoni mwa karne ya 20 chuo kilitoa vitabu vya kufundishia, kimoja cha watoto wadogo na kimoja cha wakubwa, vilivyokusudiwa kutumiwa na Wahindu wa madhehebu yote bila ya kuchochea ugomvi baina yao.

Sehemu ya tatu ya vitabu hivyo ndiyo inayohusu tabia, na mpangilio wake ungefahamika mara moja na mtu yeyote aliyevaa sare. Maadili yamegawanywa kwa vyeo: kwanza wajibu wa mtu kwa nafsi yake, kisha kwa walio juu yake, kisha kwa walio sawa naye, na mwisho kwa walio chini yake. Kwa wa juu ni heshima na utii, kwa wa sawa ni uungwana na usamehevu, kwa wa chini ni huruma na ulinzi. Ni mpango uliofikiriwa vizuri, nao haumwachi mkubwa bila ya deni kwa mdogo, jambo ambalo mafundisho mengi ya nidhamu husahau. Hata hivyo vitabu hivyo hivyo vilikuwa pia na sura juu ya matabaka manne ya kuzaliwa, nayo ilieleza asili ya mgawanyo huo kwa lugha ya upole. Ndani ya darasa walikaa wana wa tabaka za juu. Mtoto aliye chini kabisa, yule ambaye huruma ya sura ya mwisho ilimstahili kuliko wote, hakuwamo chumbani kuisikia ikisomwa.

Alikuwa wapi? Mmoja wao alikuwa Satara, upande wa Bombay. Bhimrao Ambedkar alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa kambi ya jeshi uitwao Mhow. Baba yake, Ramji, alikuwa askari mwenye cheo cha subedari na mwalimu katika shule ya jeshi. Watu wa kabila lake, Wamahar, walikuwa wamelitumikia jeshi la Bombay kwa vizazi kadhaa, lakini katika desturi ya Kihindu walihesabiwa miongoni mwa wasioguswa, yaani watu ambao kuwagusa kulidhaniwa kumtia mtu najisi. Subedari Ramji aliwalea watoto wake katika dini, akiwasomea hadithi za kale za Mahabharata na Ramayana nyumbani. Mtoto alizijua. Alipokwenda shule ya Satara alibeba kipande cha gunia cha kukalia, akakaa peke yake pembeni mwa darasa, na jioni alirudi nacho nyumbani kwa kuwa mfagiaji wa shule hakukubali kukigusa. Wenzake walipoona kiu walikwenda bombani wakanywa. Yeye hakuruhusiwa kulishika bomba. Ilibidi tarishi wa shule alifungue, na siku ambayo tarishi hakuwapo, mtoto alishinda na kiu. Yeye mwenyewe alikuja kuyaandika hayo alipokuwa mtu mzima. Baadaye, katika shule ya sekondari mjini Bombay, alitaka kujifunza Kisanskriti, lugha ya maandiko ya Kihindu, akakataliwa kwa ajili ya kuzaliwa kwake, akasoma Kiajemi badala yake.

Yafaa lizingatiwe jambo moja hapa. Shule ile haikufundisha kwa maneno kwamba mtoto wa askari ni najisi. Haikuhitaji kufanya hivyo, kwa sababu gunia na bomba vilitosha. Na waliofundishwa hawakuwa yeye peke yake. Wavulana waliokunywa maji kwa mikono yao wenyewe walijifunza somo lile lile, nao wakalichukua hadi uzeeni.

Wapo waliouona upungufu huo mapema. Chama cha Arya Samaj, kilichoundwa Bombay mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati, kilikataa kwamba tabaka la mtu ni la kuzaliwa, kikafungua shule nyingi, ya kwanza katika zile za jina la Dayananda ikiwa Lahore mwaka 1886. Baadhi ya wafuasi wake waliona kwamba shule za mjini zenye mitihani ya serikali zimekuwa sawa na nyingine zote. Mmoja wao, Munshi Ram, alianzisha mwaka 1902 shule ya bweni huko Kangri, kando ya mto Ganges, karibu na Hardwar. Waliiita gurukul, yaani nyumba ya mwalimu. Wavulana waliingia wakiwa wadogo wa miaka sita hadi minane, na walitarajiwa kubaki mpaka wafikie umri wa miaka 25. Waliamka alfajiri, walioga maji baridi, walivaa nguo za namna moja na kula chakula cha namna moja, mtoto wa tajiri na wa fukara, na jina la tabaka halikutumika. Serikali ya kikoloni, iliposikia habari za vijana wanaolelewa kwa nidhamu ya namna hiyo mbali na macho yake, ilidhani ni kambi ya waasi. Mwaka 1913 gavana wa jimbo hilo, Sir James Meston, alikwenda kujionea mwenyewe, akaondoka akiisifu.

Gurukul ilikuwa na nguvu na ilikuwa na kasoro, na zote mbili zilitoka mahali pamoja. Ukuta uliomkinga mtoto na mabaya ya dunia ulimkinga pia na jirani yake Mwislamu na Mkristo, akawajua kwa kusikia tu. Munshi Ram, aliyejulikana baadaye kwa jina la Swami Shraddhananda, aliongoza katika miaka ya 1920 kampeni ya kuwarudisha katika Uhindu watu waliokuwa wamesilimu, uhasama ukapanda pande zote mbili, na mwezi Desemba 1926 Mwislamu mmoja alimwua kwa risasi nyumbani kwake mjini Delhi. Tawi la chama hicho lilikuwa limekwisha kufunguliwa Nairobi tangu mwaka 1903, miongoni mwa wafanyabiashara na watumishi wa reli, na hapo lilifungua shule ya wasichana katika wakati ambao watu wengi hawakuona haja ya kumsomesha msichana.

Jaribio la ajabu kuliko yote halikufanyika India bali Afrika ya Kusini. Mwaka 1910 Gandhi na rafiki yake Hermann Kallenbach, Myahudi aliyekuwa mwenye shamba hilo, walifungua karibu na Johannesburg shamba la ekari 1,100 walilolipa jina la mwandishi Tolstoy, ili familia za Wahindi waliofungwa kwa kupinga sheria za ubaguzi zipate mahali pa kuishi. Watoto walikuwa Wahindu, Waislamu, Waparsi na Wakristo. Gandhi alikuwa mwalimu, na vitabu vilikuwa vichache. Mwezi wa Ramadhani ulipofika aliwahimiza watoto Waislamu wafunge, kisha akawaomba Wahindu, Waparsi na Wakristo wafunge pamoja nao, wakafanya hivyo kwa furaha. Chakula kilikuwa cha mboga kwa wote, kwa hiari ya Waislamu na Wakristo. Kutodhuru na kuitawala nafsi, ambayo ni maadili makuu ya Kihindu, yalifundishwa hapo kwa kumsubiri mwenzako mpaka magharibi iingie ndipo mle pamoja.

Gandhi hakuficha kwamba hata yeye alishindwa. Kijana mmoja wa miaka kumi na saba hivi, mkorofi na mwenye nguvu, alimchokoza mpaka mwalimu wa kutodhuru akachukua rula akampiga mkononi. Kijana alilia na kuomba radhi. Gandhi aliandika kwamba alitetemeka alipokuwa akipiga, na kwamba kijana hakulia kwa maumivu, kwani angeweza kumrudishia kama angetaka, bali kwa kuona uchungu uliokuwa ndani ya mwalimu. Hata hivyo aliendelea kujutia fimbo hiyo maisha yake yote, akisema siku ile alionyesha unyama uliokuwa ndani yake.

Mafundisho yaliyoshika kwa watoto wachache waliokula naye hayakushika kwa urahisi katika umati. Mwezi Februari mwaka 1922, katika kijiji cha Chauri Chaura, watu waliokuwa wakiandamana kwa jina lake na kwa jina la kutodhuru walikizingira kituo cha polisi baada ya kupigiwa risasi, wakakitia moto, na polisi zaidi ya ishirini wakauawa humo. Walikuwa Wahindi kama wao. Gandhi alisimamisha mapambano nchi nzima, ingawa wenzake wengi walikasirika, na akafunga siku tano. Mwaka 1937 alipotoa mpango wake wa elimu ya msingi, wenye kusokota pamba na kazi za mikono, watu walishangaa kwamba somo la dini halimo. Alijibu kwamba dini kama zilivyokuwa zikifundishwa na kutendwa wakati huo zilileta ugomvi kuliko umoja. Miaka kumi baadaye, nchi ilipogawanywa mwaka 1947, mamia ya maelfu waliuawa, watu zaidi ya milioni kumi wakahama makwao, na majeshi na polisi wenyewe wakagawanywa kwa dini katikati ya moto huo.

Katiba ya India iliandikwa moto huo ukiwa bado unafuka, na mwenyekiti wa kamati ya kuiandika alikuwa yule mtoto wa gunia, Dakta Ambedkar. Katiba ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Kifungu cha 17 kilifuta desturi ya kutoguswa. Kifungu cha 15 kilikataza mtu kuzuiwa kutumia visima, mabwawa na barabara za umma. Kifungu cha 28 kilikataza mafundisho ya dini katika shule inayoendeshwa kwa fedha za serikali peke yake, na katika shule nyingine zinazotambuliwa au kusaidiwa na serikali kilikataza mwanafunzi kulazimishwa kuhudhuria mafundisho hayo. Mwenye kusoma vifungu hivyo vitatu pamoja anaona mkono wa mtu aliyekaa Satara. Ambedkar hakuishia hapo. Mwezi Oktoba mwaka 1956, wiki chache kabla ya kufariki kwake, aliuacha Uhindu akaingia dini ya Budha mjini Nagpur pamoja na mamia ya maelfu ya wafuasi wake.

Lakini mlango uliofungwa na Kifungu cha 28 haukuzuia watu kubisha hodi. Tume ya elimu ya vyuo vikuu ya mwaka 1948 na 1949, chini ya mwanafalsafa Radhakrishnan, ilipendekeza kila chuo kianze kazi kwa dakika chache za kutafakari kimya. Kamati ya Sri Prakasa ikafuata mwaka 1959, kisha Tume ya Kothari ya mwaka 1964 hadi 1966, ambayo ilitofautisha kufundisha dini na kufundisha habari za dini. Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Rufani ya India iliamua katika kesi ya vyuo vya Punjab kwamba kusoma maisha na mafundisho ya Guru Nanak kama elimu si sawa na kuhubiriwa. Mwaka 1999 kamati ya wabunge iliyoongozwa na S. B. Chavan ilitaja maadili matano ya kufundishwa shuleni, nayo ni ukweli, mwenendo mwema, amani, upendo na kutodhuru. Mwezi Septemba mwaka 2002 mahakama hiyo hiyo iliukubali mtaala uliojengwa juu ya fikra hizo. Wapinzani walisema dini imeingia kwa mlango wa nyuma. Waungaji mkono walisema mtoto hawezi kuishi India bila ya kujua watu wa India wanaamini nini. Kila upande ulikuwa na hoja.

Wakati serikali ikibishana, wengine walijenga. Mwaka 1952 shule ndogo ya Saraswati Shishu Mandir ilifunguliwa Gorakhpur na watu wa jumuiya ya RSS, na mwaka 1977 shule za namna hiyo ziliunganishwa chini ya chombo kiitwacho Vidya Bharati. Leo ni maelfu, nchi nzima. Siku huanza kwa sala, mwalimu huitwa acharya, na maadili, mazoezi ya yoga na Kisanskriti vina vipindi vyake. Wazazi wengi maskini huzipenda kwa nidhamu yake na ada yake ndogo. Wanaozilaumu husema kwamba katika masomo yake ya historia Mwislamu na Mkristo huonekana kama wageni waliokuja kuvamia, na kwamba mtoto hutoka humo akiwa mpole kwa mzazi na mkali kwa jirani. Lawama hiyo haiwezi kupuuzwa, hasa na polisi ambao huitwa kusimama katikati ya mitaa miwili yenye mawe mikononi.

Katika Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kwa njia tofauti. Tanganyika ya kikoloni ilikuwa na shule mbalimbali za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na kuanzia mwezi Januari 1962 zikawekwa katika mpango mmoja usiobagua rangi. Kenya, chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, ilifanya jambo ambalo India yenyewe isingeweza kulifanya kwa katiba yake: iliweka somo la Dini ya Kihindu katika silabasi ya taifa, likitahiniwa sawa na Dini ya Kikristo na Dini ya Kiislamu. Watahiniwa wake ni wachache mno. Lakini silabasi yenyewe ina jambo la kupendeza, maana inakusanya dini nne, yaani Uhindu, Ujaini, Ubudha na dini ya Masikh, ambao wengi huwaita Makalasinga. Watu ambao ng'ambo wana historia ya kutengana wamelazimika hapa kukaa katika kitabu kimoja, na mtoto wa Kijaini kusoma kwa nini Masikh hupika chakula cha wote hekaluni.

Chakula hicho dereva wa malori wa Mombasa hahitaji kitabu kukijua. Hekalu la Masikh la Makindu, kando ya barabara ya Mombasa na Nairobi, lilijengwa mwaka 1926, na hadi leo msafiri wa dini yoyote huvua viatu, hufunika kichwa, huketi na kula bila ya kuulizwa kabila wala nauli. Desturi hiyo ilianza Punjab zaidi ya miaka 500 iliyopita, nayo ililenga mahali hasa palipouma: kuwaketisha katika mstari mmoja watu ambao tabaka ziliwakataza kula pamoja.

India ya leo imejaribu kulifanya jambo hilo hilo kwa mkono wa serikali, pengine bila ya kuliita somo la maadili. Jimbo la Tamil Nadu lilianza kuwapa watoto maskini chakula cha mchana shuleni katika miaka ya 1950, na mwaka 1982 likaupanua mpango huo sana. Tarehe 28 Novemba 2001 Mahakama Kuu ya Rufani iliamuru majimbo yote yawape watoto wa shule za msingi za serikali chakula kilichopikwa. Walioamuru walikuwa wakifikiria njaa na mahudhurio. Lakini kila adhuhuri watoto wa tabaka zote waliketi chini katika mstari mmoja, na katika shule nyingi mpishi alikuwa mwanamke wa jamii iliyoitwa zamani wasioguswa. Kilichofundishwa wakati wa kula hakikuwamo katika kitabu chochote.

Somo hilo nalo hupingwa. Mwezi Desemba mwaka 2021, katika wilaya ya Champawat, jimbo la Uttarakhand, kwenye milima ya Himalaya, watoto wa tabaka za juu katika shule moja ya serikali walikataa kula chakula kilichopikwa na mwanamke wa namna hiyo aliyekuwa ameajiriwa punde. Waliagizwa na wazazi wao. Mpishi aliachishwa kazi kwa maelezo kwamba taratibu za kuajiri hazikufuatwa, na akawekwa mwanamke wa tabaka la juu. Siku chache baadaye watoto wa jamii ya mpishi wa kwanza nao waliweka sahani zao chini, wakasema kama wenzao hawali chakula cha mama yule, wao hawatakula cha huyu. Habari zilifika kwa mkuu wa serikali ya jimbo, naye akamtuma afisa wa ngazi ya juu wa polisi kuchunguza. Mpishi wa kwanza alirudishwa jikoni.